Nambari 023 Haimo Daftarini

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi Agosti, Chama cha Redio cha Afrika Kusini, kinachojulikana kwa kifupi cha SARL, huandaa shindano la sauti kwa wenye redio za ridhaa. Shindano hilo hudumu saa tatu tu. Halina uwanja wala watazamaji. Mshiriki hukaa nyumbani kwake, mbele ya redio yake, akawaita wenzake waliotawanyika kusini mwa Afrika na kwingineko. Anayeitikiwa hupeana na mwenzake mambo matatu: alama ya mwito aliyopewa na nchi yake, taarifa ya jinsi anavyomsikia, na nambari ya mfuatano inayoanzia 001. Yote huandikwa daftarini. Saa tatu zikiisha, kila mmoja hutuma daftari lake kwa waandaaji, na hapo ndipo hukumu inapoanza, kwa maana daftari moja hupimwa kwa daftari jingine.

Nilishiriki mwaka 2021 nikiwa nyumbani Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Zambia ilikuwa imebakiza siku chache kufikia uchaguzi mkuu wa tarehe 12 Agosti. Sikukusudia kuyafunganisha mambo haya mawili. Yalifungana yenyewe, na ndiyo sababu nayaandika hapa badala ya kuyaacha katika mazungumzo ya wapenzi wa redio peke yao.

Kwanza nieleze redio ya ridhaa ni kitu gani, kwa kuwa wengi huidhania kuwa kituo kidogo cha utangazaji. Mtangazaji huzungumza na umma. Mwenye redio ya ridhaa huzungumza na mwenye redio mwingine aliye na leseni kama yake. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, huieleza kuwa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi wa redio, inayofanywa na watu walioidhinishwa, kwa shauku yao wenyewe na bila kutafuta faida ya fedha. Kifungu cha 25 cha kanuni hizo kinaweka mipaka. Mazungumzo baina ya nchi na nchi yahusu ufundi huo na mambo ya binafsi tu. Maana yake isifichwe kwa mafumbo. Ujumbe wa mtu wa tatu usivushwe kwenda nchi nyingine ila wakati wa dharura au maafa. Leseni hutolewa nchini Zambia na ZICTA, Tanzania na TCRA, Uganda na UCC, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Masafa ni mali ya umma kama lilivyo ziwa: mtu hupewa ruhusa ya kuvua, hapewi maji.

Alama ya mwito nayo ina historia ambayo darasa la uraia lingepaswa kuifahamu. Enzi za ukoloni Zanzibar ilikuwa VQ1, Rhodesia ya Kaskazini VQ2, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Herufi zilikuwa za dola moja, na tofauti ilikuwa tarakimu tu, kama vyumba vya bweni moja. Uhuru ulipofika, kila nchi ikapata mwanzo wake: 9J kwa Zambia, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 5H kwa Tanzania. Bendera hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Alama hii hutamkwa kila mara mwananchi anapofungua kinywa hewani, iwe mchana au usiku. Siwezi kulitaja jina langu la redio bila kuitanguliza nchi yangu.

Sasa nije nyumbani. Waya wangu wa kurushia mawimbi una urefu wa mita 20, ambao ni nusu ya wimbi la mita 40, nao umekatwa katikati pale kebo inapoungana nao. Chini yake upo mwingine wa mita 10 kwa ajili ya wimbi la mita 20. Ncha za upande mmoja nimezifunga kwenye mlingoti wa mwanzi kando ya paa langu. Ncha za upande wa pili sina pa kuzifunga ila kwenye mwembe wa jirani, mama mjane anayenunua chisense pale Kashikishi na kuwasafirisha kwa magunia kwenda miji ya Copperbelt. (Kwa msomaji wa mbali: chisense ni dagaa wa ziwa letu, na ndio wanaosomesha watoto wengi wa wilaya hii.) Nilimwendea wiki tatu kabla ya shindano, maana ruhusa inayoombwa siku ya kazi huwa ni amri iliyovaa kanzu ya adabu.

"Mwalimu," aliniuliza, "waya huo hautatuzuilia mvua?"

Nilimwambia kwamba mvua haiujali waya, waya ndio unaoihofia mvua, kwa sababu ya radi. Ndiyo maana huushusha kabla ya Novemba. Alifikiri kidogo. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba vijana watakaopanda wasipukutishe maua, kwani mwembe ulikuwa umechanua. Sharti la haki kabisa. Vijana walipanda polepole kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa.

Shaka la pili lilikuwa zito kuliko la mvua. Upande wa pili wa maji ni Kongo. Tangu mwaka 2017 wilaya yetu imewapokea watu waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, na makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka uliofuata. Mpaka umepita majini na hauonekani kwa macho. Kuna mji wa Kilwa upande wa Kongo, na kuna kisiwa cha Kilwa kilicho cha Zambia, na wavuvi wa pande zote mbili huonana usiku kwa mianga ya taa zao. Mahali kama hapa, mtu anayejifungia chumbani jioni akisema tarakimu na majina ya kigeni ndani ya kisanduku, hawezi kumlaumu jirani akimdhania jambo. Kunung'unika kwamba "watu hawaelewi" ni uvivu. Nilimwalika mkuu wa kijiji, nikamwalika diwani, nikawakalisha wasikie. Leseni nimeitundika karibu na dirisha, mahali inaposomeka bila mtu kuingia ndani. Mkuu wa kijiji aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na huyo unayezungumza naye, yake ameitundika wapi?" Nikamjibu kwamba alama yake ya mwito ndiyo leseni yake iliyotundikwa hewani, na yeyote anaweza kuiulizia kwa mamlaka ya nchi yake.

Baada ya watu kuridhika, yalibaki makelele. Adui mkubwa wa redio kijijini siku hizi ni chaja, wala si radi. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, na zile za mafuta ya zamani zimeachia nafasi taa za LED zinazotumia betri. Betri hizo hushinda mchana kutwa zikichajiwa kwa paneli za sola kupitia vifaa vya bei nafuu ambavyo hutapika mawimbi ovyo. Sikioni mwangu husikika kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mwezi wa wiki ile ulikuwa umepungua, giza la mapema lilikuwa zuri kwa uvuvi, na kila mtumbwi ulitaka betri iliyojaa. Nilizunguka nyumba nne zilizo karibu kuomba kwamba chaja zizimwe kuanzia saa kumi jioni. Watatu walikubali kwa kuwa saa hiyo betri huwa zimekwisha kushiba. Wa nne alikataa, na alikuwa na haki: betri yake ilikuwa kuukuu, haijai mpaka jua lizame. Aliniuliza ushindi una zawadi gani. Nikasema cheti. Akauliza cheti kinauzwa kiasi gani. Tulicheka, nami nikarudi nikijua kwamba sehemu moja ya masafa yangu itakuwa na nyuki.

Saa za mchezo huu huhesabiwa kwa UTC ili kusiwe na ugomvi. Saa 14:00 ya UTC ni saa kumi jioni Nchelenge na Johannesburg, na ni saa kumi na moja Dar es Salaam na Nairobi. Nilianza na wimbi la mita 20, kwenye megahezi 14. Redio yangu ina nguvu ya wati 100, sawa na balbu moja ya zamani yenye joto jingi, nayo hula betri ya gari. Kwa nguvu hiyo ndogo sauti husafiri kilomita zaidi ya 1,800 mpaka Johannesburg, kwa sababu mawimbi hupanda mpaka tabaka la juu la angahewa liitwalo ayonosfia, kilomita mia mbili na zaidi juu yetu, yakapindishwa na kurudi ardhini mbali. Hakuna waya wala mnara katikati, wala kampuni ya kumlipa.

Salamu za shindano ni fupi. Taarifa ya usikivu hutolewa kwa tarakimu mbili: ya kwanza, kutoka 1 mpaka 5, yaeleza jinsi maneno yanavyofahamika, ya pili, kutoka 1 mpaka 9, yaeleza nguvu ya sauti. Kwa desturi kila mtu humpa kila mtu 59, yaani wasikika kikamilifu, hata kama imemlazimu kumwomba arudie jina lake mara nne. Wapo wanaoukemea uongo huu. Mimi kama mwalimu wa Kiswahili nauelewa. Ni "sijambo" yetu. Mtu ana homa, ana msiba, paa limeezuliwa, na bado akiamkiwa hujibu kwamba hajambo. Baada ya hapo ndipo habari za kweli zifuatie. Katika shindano, 59 ni maamkizi, na nambari ya mfuatano ndiyo habari. Nambari haikisiwi. Kila mwasiliani hupewa yake, na asiyeisikia hawezi kuijua kwa kuitazama sura ya mwenzake, maana sura haipo.

Hapo pana ufundi wenyewe wa haki katika mchezo huu. Nikiandika kwamba nilizungumza na kituo fulani cha Namibia, nikampa 017 naye akanipa 044, dai langu ni nusu ya ukweli mpaka daftari lake liseme maneno hayo hayo kwa upande wake. Katika mashindano makubwa ya dunia, kama lile la CQ World Wide, aliyeandika mawasiliano ambayo mwenzake hana hanyang'anywi alama zake tu, bali hukatwa na nyingine mara mbili ya hizo, na madaftari ya washiriki huwekwa hadharani kwa yeyote anayetaka kuyakagua. Mwaminifu na mdanganyifu hupimwa kwa mizani moja, na hakuna anayeona haya kupimwa. Naupenda utaratibu huo kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia kuhusu uadilifu.

Mchana ule ulinipa Afrika Kusini kwa wingi, Namibia, Botswana, na Zimbabwe. Lakini mawimbi ya mita 20 yana tabia ya kuwaruka majirani. Yanapanda na kushuka mbali, na nchi iliyo katikati hubaki kimya kama kivuli cha daraja. Ndiyo maana nilimsikia mtu wa Cape Town, karibu kilomita 2,900 kutoka hapa, kama yuko barazani kwangu, na sikuweza kusikia hata mnong'ono kutoka Kitwe, wala Lubumbashi, ambayo kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita 300. Anayewataka majirani lazima ashuke kwenye wimbi la mita 40, lenye kupanda karibu wima na kurudi karibu wima, nalo hurefuka zaidi jua linapozama na tabaka la chini linalomeza mawimbi linapotoweka.

Nilishuka saa kumi na mbili kasoro. Jua lilikuwa likiingia upande wa Kongo, upepo wa kusi ukiutikisa waya, na mitumbwi ikianza kutoka. Nilikuwa nimemaliza nambari 022. Nikaita tena, na ndani ya nyuki wa jirani yangu nikasikia sauti ikisema, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa, "nine Quebec". Msomaji asiyejua mchezo huu hatahisi nilivyohisi. 9Q ni Kongo. Ni nchi ninayoiona kwa macho kila asubuhi kutoka sokoni, na hewani husikika kwa nadra sana.

Nilipata tarakimu na herufi mbili za kati. Herufi ya mwisho haikupatikana. Nikampa 59 na 023. Akajibu, nikasikia 59, kisha nyuki. Nikamwomba arudie. Akarudia, nikasikia neno moja la nambari yake kati ya matatu. Nikaacha Kiingereza, nikamwambia kwa Kiswahili, "Rudia nambari yako polepole, ndugu." Pakawa kimya kifupi, kisha akacheka, na jibu likaja kwa Kiswahili cha Katanga, laini na chenye haraka, na kabla halijaisha kituo kingine chenye nguvu kikafunguka karibu yetu na kumfunika. Nilimngoja, nikamwita mara tano, nikasogea kidogo kwenye masafa na kurudi. Hakupatikana tena. Dakika saba zilikuwa zimepita, na katika shindano la saa tatu dakika saba ni nyingi.

Nambari 023 nilikuwa nimekwisha kuitoa. Wapo wanaoirudia kwa kituo kinachofuata, na hakuna kosa. Mimi niliona kwamba ikiwa yule bwana aliiandika, basi ni yake. Kituo kilichofuata nilikipa 024.

Jumanne walikuja vijana watatu. Wawili walikuwa wameteuliwa kuwa mawakala wa vyama vinavyopingana. Wa tatu hana chama, ni mchuuzi wa samaki anayesoma Kiswahili kwangu jioni kwa ajili ya biashara ya ng'ambo. Walikuwa na hofu iliyoenea siku zile kwamba mitandao ingezimwa wakati wa uchaguzi. Walizungumza Kibemba, kwa heshima, na aliyeanza ni yule asiye na chama. Walitaka kujua kama redio yangu ingeweza kuleta matokeo ya Kitwe na Lusaka kabla hayajaguswa na mtu, nami niwatangazie wao, wao wawatangazie watu.

Nilihisi uzito wa ombi hilo. Mtu anayejua kwamba chombo chake kitafanya kazi siku ambayo vyombo vya wengine vimenyamaza, hujiona ana deni. Niliwaeleza kwamba leseni yangu si ya kutangaza, na kwamba uchaguzi si maafa, hata kama wengine huufanya uonekane hivyo. Wakala mmoja hakuridhika. Alisema sheria imeandikwa kwa siku za kawaida. Nikamuuliza: ikiwa sauti kutoka Kitwe itaniambia kwamba kituo fulani kimempa mgombea wake kura 400, nami nikazileta barazani, yule mwenzake wa chama cha pili atazipima kwa nini? Kwa leseni yangu ukutani? Leseni yathibitisha kwamba mimi ndimi mimi. Haithibitishi nilichoambiwa.

Yule mchuuzi wakati huo alikuwa akifunua daftari la shindano lililokuwa mezani. Ana macho ya mtu anayehesabu magunia. "Mwalimu, baada ya 022 inakuja 024."

Niliwasimulia habari ya mtu wa Kongo. Wakaanza kunipa ushauri, wote watatu, na kwa mara ya kwanza siku ile mawakala wakakubaliana. Kwamba orodha za alama za mwito za Kongo ziko intaneti na si ndefu, herufi ya mwisho ingepatikana. Kwamba nambari yake bila shaka ilikuwa ndogo, ningeweza kukisia. Kwamba hakika nilizungumza naye, hata alicheka, kwa hiyo si uongo. Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na ndiyo nilipenda waikabili. Ni kweli nilizungumza naye. Lakini daftari haliulizi kama nilizungumza naye. Lauliza alisema nini. Hilo silijui, na nikilijaza kwa akili yangu nitakuwa nimeandika sauti yangu mwenyewe na kuitia sahihi ya Mkongo.

Tulikaa mpaka usiku. Niliwakumbusha yaliyotokea Kenya mwaka 2017, pale Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa jinsi matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Kura zilikuwa zimehesabiwa vituoni na kujazwa katika Fomu 34A. Swali likawa kama kilichofika juu ndicho kilichoandikwa chini. (Baadaye, mwaka 2022, Kenya iliweka fomu hizo za vituo 46,229 kwenye tovuti ya wazi, na mwananchi yeyote mwenye subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Sioni tofauti kubwa kati ya jambo hilo na madaftari ya CQ World Wide.) Zambia nayo huhesabu kura pale pale kituoni, msimamizi akatangaza, na mawakala wakapata nakala. Wakala aliyebishana nami aliuliza kama mtu wa kawaida akisikia tangazo hilo na kuliandika, maandishi yake yana thamani gani kisheria. Nikamjibu kwamba peke yake ni karatasi tu.

Siku ya kura, Alhamisi, WhatsApp iliacha kupatikana kwa njia ya kawaida nchini, na siku iliyofuata Mahakama Kuu ya Lusaka iliamuru mawasiliano yarejeshwe. Kati ya saa hizo, ukingo wetu wa ziwa ulijaa matokeo. Watu waliotoka kisiwani walikuwa na matokeo, dereva wa lori alikuwa na matokeo ya mkoa mzima wa Luapula, na kila aliyesimulia alikuwa ameambiwa na mtu anayeaminika. Redio yangu ilikuwa imezimwa, na betri yake nilikuwa nimemwazima jirani wa nne.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta mchuuzi wangu Kashikishi, kati ya meza za samaki, amezungukwa. Alikuwa amesimama nje ya kituo kimoja mpaka hesabu ilipotangazwa, akaandika. Mstari mmoja hakuusikia kwa sababu ya mtoto aliyelia. Mawakala wote wawili walimtajia nambari ya mstari huo, na zililingana, naye akaiandika ukurasa wa pili, chini ya neno "nimeambiwa". Ukurasa wa kwanza mstari ule ulikuwa mtupu. Mtu mmoja wa makamo, kwa sauti ya juu, alitaka amwambie nani ameshinda nchini. Akamjibu kwamba yeye ana kituo kimoja tu, na kama bwana huyo naye ana kimoja, walete madaftari wakae.